Tulipanda Lushoto Kuona Maji Yanakotoka



Kijiji chetu kipo bondeni, chini ya Milima ya Usambara, upande wa Mombo. Sisi ni wakulima wa mpunga na mahindi. Maji tunayotumia hutoka milimani. Tunayanywa, tunafulia, tunamwagilia mashamba. Lakini wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona yanakotoka.

Mwaka mmoja mvua za masika zilikuwa kubwa. Mto ulileta tope jekundu. Mfereji wetu ukajaa tope hadi juu. Tulichimba siku sita, wanaume kwa wanawake. Kiangazi kilipofika, maji yakawa haba. Mpunga wa watu wengine ulikauka kabla ya kukomaa.

Jambo hili lilizusha ubishi katika darasa letu la kisomo. Mwenyekiti wa darasa ni mzee wa makamo. Alisimama akasema:

"Watu wa milimani hawatupendi. Masika wanatuletea tope. Kiangazi wanatunyima maji."

Mama mmoja akamwuliza: "Mzee, umewahi kufika huko?"

"Sijafika. Lakini tope nimelichimba kwa mikono yangu."

Watu walicheka, ila hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi ni ofisa elimu ya watu wazima, na siku hiyo nilikuwa nimekuja kulitembelea darasa. Nikawaambia, "Kama hatujui, twendeni tukaone."

Wanakisomo waliandika barua wao wenyewe. Ilikuwa barua yao ya kwanza kumwandikia mtu wasiyemjua. Walimwandikia kijana mmoja wa Lushoto ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni. Walimwuliza malipo yake ni kiasi gani na mtatembea wapi. Mama mmoja aliona kosa hapo. Akafuta "mtatembea" akaandika "tutatembea". Baada ya wiki mbili jibu lilikuja. Tulichanga fedha, tukaongeza mapato ya shamba la darasa. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, watu 18 tuliondoka alfajiri kwa basi dogo.

Haya ndiyo tuliyoyaona na kujifunza.

1. NJIA YA KUPANDA

Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto ni mwendo wa kilomita 33 hivi. Barabara ni ya lami, lakini ni nyembamba, na kona zake ni nyingi. Upande mmoja kuna mwamba. Upande wa pili kuna korongo, na chini kabisa mto unapita. Dereva alipiga honi kila alipokaribia kona. Mama wawili walifumba macho mpaka Soni.

Mombo ipo mita zipatazo 400 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Lushoto upo karibu mita 1,400. Kwa hiyo tulipanda mita 1,000. Mtu akipanda kiasi hicho, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo sababu tulipanda basi tukiwa na mashati tu, tukashuka tukitafuta makoti.

Kwa nini milimani kuna mvua nyingi kuliko kwetu bondeni? Jibu unaweza kuliona jikoni. Chemsha maji katika sufuria iliyofunikwa. Kisha inua kifuniko. Utaona matone ya maji upande wa ndani. Mvuke ulipanda, ukakutana na kifuniko, ukapoa, ukawa maji tena. Upepo wa Bahari ya Hindi nao hubeba mvuke. Ukifika kwenye milima, hauna pa kupita ila kupanda. Ukipanda hupoa. Mvuke wake hugeuka mawingu, na mawingu hushusha mvua. Milima ya Usambara ni kama kile kifuniko.

Kabla ya kufika mji mdogo wa Soni, dereva alisimama. Mwongozaji wetu alikuwa anatungoja hapo. Alitusalimu, akatuonyesha Maporomoko ya Soni. Maji yalikuwa yanaanguka juu ya miamba, meupe kama maziwa.

"Wazee wangu na mama zangu," alisema, "leo mnayaona meupe. Njooni mwezi wa Aprili. Mtayaona yana rangi ya chai ya maziwa. Rangi ile ni udongo. Na udongo ule ni shamba la mtu."

Mwenyekiti wetu aliyatazama maji kwa muda mrefu. Mto huo ndio unaoshuka hadi Mombo.

2. MJINI LUSHOTO

Mji wa Lushoto umekaa katika bonde, na milima imeuzunguka pande zote. Wenyeji wa nchi hii ni Wasambaa. Mwongozaji alitutembeza kwa miguu, akatueleza habari zake.

Zamani nchi ya Usambara ilitawaliwa na wafalme wa ukoo wa Wakilindi. Mji wao mkuu ulikuwa Vugha. Masimulizi ya wazee husema kwamba mtawala wa kwanza aliitwa Mbegha. Alikuwa mwindaji aliyetoka milima ya Ungulu. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama. Watu wakamtaka awe mkubwa wao. Mfalme aliyejulikana sana baadaye ni Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Utawala wake ulifika hadi pwani.

Mwongozaji akatufundisha maneno mawili ya Kisambaa. La kwanza ni "kuzifya shi". Maana yake ni kuitengeneza nchi, au kuiponya. La pili ni "kubana shi", yaani kuiharibu nchi. Zamani watu walimpima mfalme kwa maneno hayo. Mvua ikinyesha vizuri na chakula kikiwapo, walisema mfalme anaitengeneza nchi. Njaa ikiingia, walisema nchi inaharibiwa.

"Na siku hizi hakuna mfalme wa kuleta mvua," mama mmoja alisema. "Nani anaitengeneza nchi?"

Mwongozaji alicheka. "Mama, swali hilo lihifadhi mpaka kesho."

Wajerumani walipoitawala nchi yetu, waliipenda hali ya hewa ya hapa. Walijenga mji, wakauita Wilhelmsthal. Maana yake ni Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, hivyo safari ya kuja hapa ikawa rahisi zaidi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji huu. Leo ni Lushoto, makao makuu ya wilaya katika Mkoa wa Tanga. Hata ua moja dogo la zambarau limelibeba jina la milima hii hadi Ulaya. Mjerumani mmoja mwenye cheo, von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao katika miaka ya 1890. Wajerumani huliita kwa jina la Usambara hadi leo.

Kisha tuliingia sokoni. Jumapili soko la Lushoto hujaa watu kutoka vijiji vingi. Tuliona kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya na pilipili hoho. Mboga nyingi za hapa husafirishwa hadi Tanga na Dar es Salaam.

Tulimkuta mkulima mmoja anabishana na mnunuzi. Gunia lake la viazi lilikuwa limejazwa kupita mdomo, likashonewa kama kofia juu. Gunia la namna hiyo huitwa lumbesa. Mnunuzi alitaka kulipa bei ya gunia moja. Lakini ndani yake mlikuwa na gunia moja na zaidi. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Mazao yapimwe kwa mizani, na bei iwe ya kilo.

Mwongozaji alituambia, "Likumbukeni gunia lile. Mkulima akipunjwa sokoni, mwakani hulima eneo kubwa zaidi ili apate fedha ileile. Na eneo lililobaki ni kule kwenye mteremko mkali."

3. IRENTE: TULIPOIONA NCHI YETU KWA JUU

Baada ya kula tulikwenda Irente. Ni kilomita zisizozidi 6 kutoka mjini, na tulitembea kwa miguu. Tulipita kijiji cha Yoghoi, katikati ya migomba na mahindi. Huko Irente kuna shule ya watoto wasioona ya Kanisa la Kilutheri, ambayo ilianzishwa katika miaka ya 1960. Watoto wake husoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu. Mzee mmoja wa darasa letu aliposikia hivyo alisema, "Mimi niliyekuwa nalalamika kwamba macho hayaoni herufi ndogo, sasa nitanyamaza."

Mbele kidogo njia inaishia kwenye mwamba. Hapo mlima umekatika. Ukitazama chini unaona uwanda, umbali wa mita zipatazo 1,000. Uliona mashamba ya mkonge ya Mazinde, mistari yake imenyooka kama mistari ya daftari. Barabara kuu ilionekana kama uzi. Mbali zaidi ni uwanda wa Wamasai, hadi macho yanachoka.

"Mombo ni ule upande wa kushoto," mwongozaji alisema.

Wote tuligeuka. Tukaanza kutafuta kijiji chetu. Mama mmoja akakiona kwanza, kwa sababu ya bati jipya la zahanati. Mwenyekiti alinyoosha fimbo yake: "Na ule ni mpunga wetu!" Ulikuwa ni kipande kidogo cha kijani, kidogo kama kiganja. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Mwongozaji alituonyesha njia ya maji. Maji ya milima hii hushuka uwandani, mengine yakaingia Mto Mkomazi, na Mkomazi huingia Mto Pangani. Mto Pangani nao huzungusha mitambo ya umeme. Mtambo wa Hale ulianza kazi mwaka 1964. Mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani ulianza mwaka 1995. Kwa hiyo tone moja la mvua lililoanguka hapa juu laweza kumnywesha mtu wa Mombo, likawasha taa ya mtu mwingine, ndipo lifike baharini.

Lakini udongo nao husafiri kwa njia hiyohiyo. Hujaza mito, mifereji na mabwawa.

Usiku tulilala mjini katika nyumba ya wageni. Kila mtu alipewa mablanketi mawili. Wengine waliomba la tatu.

4. MSITU WA MAGAMBA

Jumatatu asubuhi tulikwenda msitu wa Magamba, juu ya mji. Langoni palikuwa na kibao. Mwongozaji alitaka kutusomea. Mama mmoja alimzuia.

"Ngoja, mwanangu. Nitasoma mimi."

Alisoma polepole, akifuata kwa kidole: "Hi-fa-dhi ya Ma-zi-ngi-ra A-si-li-a Ma-ga-mba." Tulimpigia makofi. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo hakuweza kusoma jina lake.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia. Ukubwa wake unazidi hekta 9,000. Mtu haruhusiwi kukata mti wala kulima humo. Mgeni hupata kibali kwanza na hulipa kiingilio. Tulipewa stakabadhi, na mweka hazina wetu aliisoma kabla ya kuitia mfukoni.

Ndani ya msitu palikuwa na baridi na giza kidogo. Tuliona miti mirefu ya mkulo. Mbao zake ni nzuri mno, na kwa sababu hiyo ilikatwa sana zamani. Juu ya miti mbega walikuwa wanarukaruka, weusi wenye manyoya marefu meupe.

Mwongozaji akatuambia tukanyage chini kwa nguvu. Ardhi ilibonyea kama godoro. Alifukua kwa mkono. Juu palikuwa na majani makavu. Chini yake palikuwa na majani yaliyooza. Chini zaidi palikuwa na mboji nyeusi yenye mizizi mingi. Mboji ile ilikuwa na unyevu, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku nyingi.

Tulipotoka msituni, tulifanya jaribio. Nawe, msomaji, unaweza kulifanya darasani kwako.

Chukua chupa mbili kubwa za plastiki. Zikate ubavuni ili ziwe kama vihori vidogo, na mdomo ubaki wazi. Katika ya kwanza weka udongo mtupu wa shambani. Katika ya pili weka udongo uleule, kisha uufunike kwa majani makavu. Zilaze kwa mteremko, midomo iangalie chini. Kinga kikombe chini ya kila mdomo. Kisha mwagia kila chupa kopo moja la maji, polepole.

Chupa ya kwanza ilitoa maji mara moja. Yalikuwa mengi na mekundu. Chupa ya pili ilikawia. Kisha ilianza kudondosha, tone baada ya tone, maji safi. Sisi tulimaliza kuzungumza, nayo ilikuwa bado inadondosha.

Mwenyekiti aliinua kikombe cha maji mekundu. "Hili ndilo tope la mfereji wetu," alisema. Akainua cha pili. "Na haya ndiyo maji ya kiangazi."

Hivyo ndivyo msitu ufanyavyo kazi. Hupokea mvua kwa majani yake, ili isiipige ardhi kwa nguvu. Huyanywesha maji ardhini. Kisha huyatoa kidogo kidogo kwenye chemchemi. Msitu ni kama mtu mwenye akiba. Hapati mshahara leo akaumaliza leo. Wazee watakumbuka kampeni ya mwaka 1980 iliyoitwa "Misitu ni Mali". Sisi tuliiona mali hiyo ikidondoka kikombeni.

5. SHAMBA LA MAMA MMOJA

Kisha tulikwenda katika shamba la mama mmoja mkulima, mjane, mwenye watoto wanne. Shamba lake lipo kwenye mteremko. Mtu akisimama juu yake na kuangusha kabichi, ataikuta mtoni.

Mwenyekiti wetu alikuwa amejiandaa kumlaumu. Alimweleza habari za mfereji uliojaa tope na siku sita za kuchimba. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alisema:

"Baba yangu, pole. Lakini tope ulilolichimba ni udongo wangu. Nilikuwa nimeutia samadi. Nani angependa kumpelekea mwenzake shamba lake bure? Nyinyi mliuchimba siku sita. Mimi nimeulilia miaka."

Mwenyekiti alikosa neno. Akavua kofia.

Mama alitueleza kwamba zamani alilima kutoka juu kwenda chini, kama wengi. Kila mvua iliondoka na sehemu ya shamba. Sasa amepanda mistari ya majani ya gwatemala na matete kukata mteremko. Maji yakishuka na udongo, mstari huuzuia. Miaka ikipita, udongo hujaa nyuma ya mstari na shamba hugeuka ngazi. Majani huyakata akamlisha ng'ombe wake anayefungwa bandani. Ng'ombe humpa maziwa na samadi. Samadi inarudi shambani.

Mistari hiyo lazima ifuate usawa. Ikipinda kwenda chini, maji yatakusanyika na kukata korongo. Anapima kwa kifaa ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza. Kina umbo la herufi A, ile tuliyojifunza siku ya kwanza darasani.

Fanya hivi:
(a) Funga miti miwili ya urefu sawa ncha za juu, na miguu uitanue.
(b) Funga mti wa tatu katikati, kama mstari wa herufi A.
(c) Juu kabisa funga kamba yenye jiwe. Kamba ipite mbele ya mti wa katikati.
(d) Simamisha kifaa. Tia alama kwenye mti wa katikati pale kamba inapogusa. Kisha badilisha miguu, mguu wa kulia ukae palipokuwa pa kushoto. Tia alama ya pili.
(e) Katikati ya alama hizo mbili tia alama ya tatu. Kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili ipo katika usawa mmoja.
(f) Tembea nacho shambani hatua kwa hatua. Kila mguu unapokaa sawa, chomeka kijiti. Vijiti vitakuonyesha mstari.

Tulimwuliza kwa nini majirani wote hawafanyi hivyo. Alitupa sababu, nasi tuliziandika.

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu mbaya. Kuanzia mwaka 1946, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo, baadaye ukaenea Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta. Aliyekataa aliadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa wanawake, na faida hawakuiona. Watu waliupinga mpango huo, nao ukafa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wilayani Lushoto, kwa msaada wa Ujerumani, ukaendelea hadi mwaka 2000. Huo ulifundisha kupanda majani, miti na kufuga ndani. Waliofuata ni wale walioona malisho na maziwa.

Sababu ya pili ni udogo wa mashamba. Mstari wa majani hula nafasi ya mahindi. Mwenye shamba dogo huona uchungu, na faida huja baada ya misimu kadhaa.

Sababu ya tatu ni mashamba ya kukodi. Mtu akipanda miti katika shamba la kukodi, mwenye shamba huogopa kwamba anataka kulichukua. Na mpangaji naye husema, "Kwa nini nitengeneze udongo wa mwingine?"

"Hata hili nimekodi," mama yule alisema. "Lakini mimi nina karatasi. Tulikubaliana miaka mitano, na majani ni yangu."

Aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa katika mfuko wa nailoni. Alikuwa ameweka dole gumba, maana hakujua kusoma. Alimpa yule mama wa darasa letu aliyesoma kibao, ili aone jinsi alivyojilinda.

Mama yetu alisoma polepole. Alipofika katikati, akasimama. Akarudia mstari ule. Kisha akaniita pembeni nami nikasoma. Tulitazamana. Hakukuwa na namna ila kusema.

"Dada yangu," alimwambia, "hapa imeandikwa miaka mitatu. Si mitano. Na habari za majani hazimo."

Mama yule alikaa chini. Mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha Desemba.

Labda mwandishi alikosea. Labda mwenye shamba naye hajui kilichoandikwa. Hatukujua, na hatukutaka kumlaumu mtu ambaye hayupo. Lakini tulimshauri asikae kimya. Aende kwa mwenye shamba mapema, akiwa na mashahidi waliokuwapo siku ya makubaliano. Wakikubaliana, waandike upya mbele ya ofisi ya kijiji. Karatasi isomwe kwa sauti kabla ya kutia sahihi, na kila upande ubaki na nakala yake. Alisikiliza kwa makini. Kisha aliuliza swali moja tu:

"Na hilo darasa lenu, huku kwetu lipo?"

Nilimwambia nitamwandikia mwenzangu wa wilaya hiyo. Niliandika kesho yake.

6. TULIPORUDI

Jioni tulishuka. Njiani watu hawakusema sana. Tulipofika Soni, yule mama aliyeuliza swali mjini alisema, "Jibu langu nimelipata. Mfalme wa kuitengeneza nchi ndiye yule mjane, na jembe lake."

Juma lililofuata darasa lilikutana. Mwenyekiti alisema wazi mbele ya wote kwamba alikosea kusema watu wa milimani wanatufanyia makusudi. Kisha akataka tujitazame na sisi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tulikwenda mtoni kupima. Mwenyekiti alihesabu hatua yeye mwenyewe. Alipofika hatua ya kumi na tano alikuta migomba. Migomba ile ilikuwa yake.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Naye alicheka. Kisha akasema, "Haya, andikeni. Na jina langu liwe la kwanza."

Tuliazimia mambo matatu. Kwanza, kuacha kulima ukingoni mwa mto na kupanda huko miti ya asili. Pili, kuuomba uongozi wa kijiji uwaalike viongozi wa kijiji cha juu, tuzungumze habari za mto wetu mmoja. Tatu, kusoma kila karatasi kabla ya kuweka sahihi, na kumsomea jirani asiyejua.

Mto una watu wa juu na watu wa chini. Wa juu akiharibu, wa chini huchimba tope. Wa chini akilaumu tu, wa juu haongezewi nguvu ya kupanda hata mstari mmoja wa majani. Maji hayo ni yetu sote, na udongo ni wetu sote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Maji ya kijiji chenu yanatoka wapi? Nani kati yenu amefika huko?
2. Kwa nini chupa yenye majani ilitoa maji safi na polepole?
3. Kwa nini watu walikataa matuta wakati wa ukoloni? Ingefaa wafanyiwe nini?
4. Mkulima anayepunjwa kwa lumbesa anaharibuje mlima bila kupenda?
5. Je, una karatasi yoyote uliyoiwekea dole gumba? Ilete darasani, isomwe.
6. Tengenezeni kipimo cha herufi A. Kijaribuni katika shamba la mwenzenu mmoja.